Vinywa vya Kuazima

Columbus, Ohio
Novemba 2015

Dada yangu Yustina, mtoto wa kwanza wa mama,

Bahasha hii ikikufikia usiisomee mlangoni. Ingia ndani, kaa, nyoosha ule mguu. Unaendeleaje, bado unavimba mvua zikianza, au ile dawa ya kuchua niliyotuma imesaidia? Na shemeji, kifua kimemwachia? Mwambie huku nimeona wazee wa rika lake wanakimbia barabarani asubuhi na kaptula, na hakuna anayewafukuza. Najua atacheka mpaka akohoe, kwa hiyo umwambie polepole. Kuku wako je? Na ule muhogo wa nyuma ya nyumba, nguruwe wa jirani wameuacha?

Sisi tupo, Mungu hajatuchoka. Baridi imeanza, miti imebaki mifupa mitupu, nami nikitoka kwenda kazini naonekana kama gunia la mkaa lililofungwa vizuri. Bado niko Gahanna, kwenye ile nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Mzee mmoja hataki kulishwa na mtu mwingine ila mimi. Wenzangu wanaona wivu, nawaacha waone. Juzi dukani mama mmoja Mzungu aliniuliza kama mimi na binti yangu Neema ni mtu na mdogo wake. Sikumkatalia. Kwa nini nimkatalie?

Ezekieli wangu yuko Louisville, anaendesha lori refu kama kanisa. Watu wa huko hawapangi harusi wala msiba bila kumwuliza yeye. Lakini leo sikuandikii habari za Ezekieli. Nakuandikia habari za Neema, na za shida iliyoingia nyumbani kwangu kupitia rafiki yake, na mwisho nina ombi. Nimempa barua mchungaji wetu kwa sababu anakuja Kasulu kumwona mama yake, na ameahidi kukufikia mwenyewe. Ndani ya mfuko atakaokupa ameweka simu. Usiiguse kwanza. Soma.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kujisifu. Lakini lililo kweli ni kweli. Neema anafanya kazi ghalani hapa Reynoldsburg, anapanga vifurushi, akitoka hapo anakwenda chuo, na akili yake ni kali kama wembe mpya. Amechukua kwangu. Kosa lake lilikuwa moja tu: miaka yote hii nikimsemesha Kirundi ananijibu Kiingereza. Namwambia, "Neema, leta chumvi," analeta chumvi, lakini mdomo unaongea kama redio ya Wazungu. Iliniuma, nikanyamaza. Sisi wenyewe tulifundishwa kuandika kwa Kiswahili kule kambini, ona hata sasa nakuandikia Kiswahili, kwa sababu Kirundi chetu kiko mdomoni tu, kalamu haikijui. Nikasema moyoni, kwetu kilipotea kwenye kalamu, kwa watoto kimepotea kwenye ulimi. Basi.

Halafu akapata rafiki ghalani. Anaitwa Pema. Ni Mtibeti. Usijisumbue kuwakumbuka, hata mimi sikuwajua. Nchi yao iko juu sana kwenye milima ya barafu, na wanaoitawala ni Wachina. Pema alikuwa mtoto mdogo mama yake alipombeba mgongoni wakavuka milima kwa miguu mpaka upande wa pili, wakaishi India kwenye makazi ya wakimbizi, ndipo wakaletwa huku. Kaka yake alibaki nyumbani na bibi, kwa sababu mgongo ni mmoja. Dada, ukiwaondolea theluji, hao ni sisi.

Siku ya kwanza kuja kwangu alivua viatu mlangoni, akanisalimia kwa mikono miwili, nikajua huyu ana mama. Tulipokula akafungua ramani kwenye simu. "Mama, hapa ndipo kwetu," akaniambia, Neema akinirahisishia kwa Kiingereza chepesi na vidole, "lakini jina hili lililoandikwa si jina letu." Mto una jina la Kichina. Kijiji kina jina la Kichina. Lile waliloliita mababu halipo, kama vile mababu hawakuwapo. Shuleni nako, watoto wanafundishwa kwa Kichina, lugha yao imebaki ya jikoni.

Kwa hiyo Pema na wenzake waliotawanyika dunia nzima wametengeneza ukurasa mtandaoni. Wanawatafuta wazee wao popote walipo, wanawarekodi wakitaja majina ya kwao: mto huu, kivuko kile, malisho ya kiangazi. Wanayaandika kwa herufi zao, wanayaweka kwenye ramani yao wenyewe, kisha wanawaandikia wenye ramani kubwa na kuwaambia, turudishieni. Ukiugusa mlima kwenye simu, mzee anakutajia jina lake kwa sauti. Na nani anawatengenezea ramani hiyo? Neema wako. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubai la wakimbizi ndiye anayewashonea Watibeti majina yao mahali pake. Kanisani nimelisema hilo mara nyingi mpaka mama mchungaji akaniambia, "Mama Ezekieli, tumesikia." Nikamwambia kuna wageni wamekuja leo, hawajasikia.

Mama yake Pema tunamwita Amala, ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima. Ni mfupi, mkavu, nywele kasuka mbili, na mkono wake una nguvu kuliko wangu. Hajui Kiingereza, mimi hicho changu ni cha kuombea maji. Tunaelewana. Mara ya kwanza alinipikia chai ya chumvi na siagi. Nikadhani amekosea kopo! Nikainywa yote kwa adabu, naye alipoona kikombe kitupu akakijaza tena. Nikanywa. Akajaza. Neema alikuwa anakufa kwa kicheko upande wa pili, hakuniambia kwamba kwao ukimaliza kikombe ndiyo unaomba kingine. Nami nikalipiza kwa sombe, kisamvu chetu, yenye pilipili. Alikula, machozi yakamtoka, akaomba tena. Tangu siku hiyo ni ndugu.

Sasa shida yenyewe.

Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni nachambua majani. Pema akaingia na viatu vyake miguuni. Nilipoona viatu nikaacha majani. Nyuma yake Amala, uso umefungwa.

"Kaka ameitwa," Pema akasema.

Aliitwa na polisi wa huko kwao. Walimkalisha, wakamfungulia sauti kutoka kwenye simu. Ilikuwa sauti ya Amala, ile ya kwenye ukurasa. "Huyu ni mama yako? Nani anamtumia? Wewe umemtumia majina haya?" Walimwachia jioni, lakini tangu siku hiyo simu yake imezimwa. Habari hizi zilipitia kwa binamu yao aliyeko India.

Na Amala alikuwa amesema nini? Majina tu, dada. Chemchemi yao nyeupe, wanaiita Chumik Karpo. Kivuko cha kupitishia ng'ombe wao wale wenye manyoya marefu. Mahali wanapochota chumvi. Lakini sauti ya mtu ni kama mwendo wake. Yeyote wa bonde lile akiisikia anajua ni mke wa fulani, mama wa fulani, nyumba yao iko pale.

Pema alitaka kufuta kila kitu cha bonde lile, saa ile ile. Amala akakataa. Walianza kugombana kwa lugha yao hapo kwenye meza yangu, na Neema, masikini, akinong'ona maana kadiri Pema alivyomwambia.

"Nikiacha, watamwita tena."

"Ukifuta, wamemwita kwa sababu ya nini basi? Mimi nikifa, ile chemchemi nani ataijua? Wewe? Wewe uliondoka hata hujajua kuchota maji."

"Amala, ni mwanao!"

"Najua ni mwanangu. Ni mimi niliyemwacha, si wewe."

Neema alikuwa analia, ameshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto, maana yeye ndiye angebonyeza. Dada, mimi ninaogesha watu wazima, nimezika mume kambini, nimevuka mpaka usiku nikiwa mtoto nikishika kanga yako. Lakini mizani ya namna hii sijawahi kuishika. Ukichagua mtoto, unaizika nchi. Ukichagua nchi, unamzika mtoto.

Nikarudi kwenye majani yangu, mikono ifanye kazi. Ndipo nikamkumbuka mama yetu.

Unakumbuka alivyokuwa hatamki jina la baba mkwe wake, kama mwiko wetu wa wake unavyotaka? Hata neno lililofanana na jina lile alilizunguka, mahindi akayaita "vile vya shambani" maisha yake yote, watoto tukamcheka. Na siku mgeni alipokuja kuuliza, "Hapa ni kwa nani?" mama hakujibu. Alitoka uani akamwita jirani: "Njoo umtamkie mgeni." Jirani akaja, akatamka, mgeni akajua, na mama hakuvunja mwiko wowote. Jina lilisemwa. Ila halikutoka kinywani mwake.

Nikamwuliza Neema, "Hebu muulize Pema. Hao waliomwita kaka yake, wanachokitafuta ni jina, au ni kinywa kilicholitamka?"

Neema akanitazama. "Mama, what?" Nikarudia kwa Kirundi, polepole.

Pema akasema hajui, hakuna anayejua wanachotaka watu wale. Lakini kaka yake walimshika kwa sauti. Bila sauti ya Amala, hawana cha kumwonyesha kesho.

"Basi," nikasema, "azimeni vinywa."

Jumapili ile baada ya ibada nikawaleta nyumbani wanawake wa kwaya. Niliwapikia kwanza, mtu hakatai kitu akiwa ameshiba. Mwanamke mmoja wa alto, hodari wa kuuliza maswali, akaweka sahani chini: "Mama Ezekieli, majina haya si ya miungu yao? Nisije nikamwimbia shetani bila kujua."

"Chemchemi ni chemchemi," nikamwambia. "Shetani hachoti maji."

Lakini Pema ni mkweli. Akasema mlima mmoja, ndiyo, wanauheshimu kwa ibada. Tukaguna. Amala akauliza tunaguna nini, akaelezwa, akapunga mkono: "Huo waache. Huo unajulikana, hauwahitaji wao." Tulicheka mpaka yule wa alto naye akacheka, akavuta kiti karibu.

Ungeniona, dada! Amala kakaa kwenye kochi langu kama mwalimu mkuu, sisi chini kwenye zulia. Anatamka, tunafuata. Mwenye kukosea anapigwa kofi la paja. Mimi lile neno la chemchemi lilinikataa, nalisema kama mtu anayemeza ugali wa moto, paja langu likawa jekundu ingawa sina rangi ya kuonyesha. Mama Riziki, yule Mkongo tuliyekuwa naye kambini, sasa anaishi Buffalo, tulimweka kwenye spika ya simu. Tukamsikia anahangaika huko peke yake: "Bon, mama, rudia pole pole, ulimi yangu haiko ya nyoka!" Ezekieli naye kule Louisville akawakusanya wanawake wa kanisa lao, wakachukua majina ya upande wa malisho.

Sifa nyingine niipokee: nilipolipata jina la Chumik Karpo, nililipata sawasawa. Amala hakupiga paja. Alinishika kidevu kama mtoto, akasema neno moja kwa Pema. Neema akanitafsiria: "Anasema hivyo ndivyo jirani yake alivyokuwa akilisema."

Neema akafuta sauti ya Amala, akaweka zetu. Bonde lao sasa, ukiligusa kwenye simu, linaongea kwa vinywa vya wanawake wa Kirundi na Mkongo mmoja. Polisi watakaosikiliza watafute ukoo wa Mama Riziki huko milimani, nawatakia safari njema.

Lakini usidhani nakuletea habari ya furaha. Kaka mtu simu yake bado haipatikani. Binamu wa India hajui kama amekamatwa tena au ameamua kunyamaza ili ndugu wapone. Pema anafanya kazi akitazama simu mpaka msimamizi amemwonya. Na sauti ya Amala haipo tena. Pema aliogopa, akaifuta kila mahali, hata kwenye simu yake mwenyewe. Siku moja kabla Pema hajaifuta kabisa, Amala aliomba aisikie. Alisikiliza majina yake yote akiwa amefumba macho, akaitikia kila moja kwa kichwa kama anayeagana na watu mlangoni, halafu akasema, haya, futa. Sasa akija kwangu anaomba anisikie mimi. Mimi, mtu wa kambini, ndiye sauti ya nyumbani kwake. Dada, nilizoea kupenda kusifiwa. Sifa hii nzito, sijui niiweke wapi.

Na siku ile ile ya kwaya, wanawake wakiwa bado wanapanga sahani, Neema akanigeukia. Kwa Kirundi, dada. Kirundi chake ni cha kuchechemea, lakini alikuja nacho kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama, na chetu? Kilima cha kwa baba kinaitwaje? Nataka nikiweke."

Wote wakanitazama. Amala naye, ingawa hakujua nimeulizwa nini.

Wewe unajua. Baba mkwe wangu alipewa jina la kilima alichozaliwa. Jina moja, mtu na kilima. Tangu siku niliyoolewa sijalitamka. Mume wangu alipokuwa hai alilisema yeye, lakini alikufa Neema ananyonya na Ezekieli bado hajui kufunga kamba za viatu. Mimi siku zote nimewaambia "kule kwa wakwe zangu," "kule juu," "kwenu." Nilidhani wanajua. Nilidhani jina linajiendea lenyewe.

Nikafungua mdomo. Halikutoka. Neema akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umesahau?"

Mimi! Mimi ninayewaambia watu kanisani sisahau hata jina la mbuzi! Nikataka kumwambia sijasahau, ni adabu. Nikasema, "Subiri kidogo," nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili lipige kelele. Usiku ule nilimpigia Ezekieli, nikadhani yeye mkubwa atakuwa nalo. Hana. Akasema, "Mama, kwenye makaratasi yetu ya safari waliandika mkoa tu." Na Neema alipofungua ramani kubwa, pale kwetu alikuta rangi ya kijani, basi. Sisi hatukubadilishiwa jina na mtu, dada. Wenyewe tumelizunguka mpaka likabaki kwangu peke yangu, mahali lisipoweza kutoka.

Ndugu za mume wangu sijui walitawanyikia wapi. Tuliobaki tunaolijua ni wawili, mimi na wewe, na wewe hukuolewa nyumba ile.

Nisalimie shemeji na kifua chake. Nisalimie shangazi wa shemeji anayetukaanga kwa maneno, mwambie bado namwogopa hata nikiwa ng'ambo. Nisalimie binti yako mwalimu na mume wake fundi baiskeli, na wajukuu wako wote. Nisalimie jirani yako mwenye nguruwe, ila yeye umsalimie nusu. Kaburi la mume wangu, ukipata mtu anayepita kule kwenye kambi ya zamani, aling'olee majani. Mtuombee kaka yake Pema. Jina lake sikuandikii, lakini Mungu anamjua ninayemsema.

Sasa toa simu mfukoni. Binti yako atakuonyesha pa kubonyeza. Ukishabonyeza usianze na salamu, salamu nimezipata. Toka uani, simama, kisha ukitaje kilima cha wakwe zangu, polepole, kama unavyomwita mtu aliye upande wa pili wa bonde. Taja mara moja, nyamaza, taja tena. Mpe mchungaji simu arudi nayo.

Hapa nimejaribu kukiandika, nikadhani labda kalamu haikatazwi. Mkono umekataa. Doa hilo unaloliona pembeni ni hapo nilipoanzia.

Simu ikifika nitakaa sebuleni na Neema, na Pema, na Amala kwenye kochi lake, tuisikilize pamoja. Kutamka nimekatazwa, dada. Kusikia sikukatazwa.

Ni mimi mdogo wako uliyemvusha,
Mama Ezekieli